Mbegu Tisini na Sita

Nyinyi mlionisindikiza mkiimba mpaka uwanja wa ndege, kisha mkanipokea kimya kwa sababu habari za mkufu zilikuwa zimenitangulia, mna haki ya kusikia yaliyotokea. Kwenye simu nilikuwa nasema tu "nitawaeleza nikifika." Nimefika, nimepumzika siku kumi, nimekula wali wa nazi hadi mama amenionea aibu. Sasa naeleza. Mambo ya ajenti, tiketi na makaratasi nayaruka, hayo mnayajua. Na ile miaka miwili ndani ya nyumba ya madam pale Riyadh haina mengi: kufua, kupika, kupiga pasi, na kumtunza Hajja, mama yake madam, ambaye magoti yalikuwa yamemchoka lakini mdomo bado. Naanzia Batha.

Batha

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mjukuu wa Hajja, binti ya dada yake madam, alikuwa anaolewa Jeddah Ijumaa, na sisi tulikuwa tunasafiri kwa gari: madam, Hajja, mimi, na Mutua dereva, mwanamume wa Machakos mwenye watoto watatu na maneno machache. Kabla ya kutoka mjini Hajja akataka mafuta ya udi, na mafuta yake yako Batha tu.

Batha mnaijua kwa picha nilizokuwa nawatumia. Watu wa kila nchi, simu za mitumba, mablanketi, mabasi ya kwenda kila upande. Duka la udi lilikuwa dogo kama kibanda cha M-Pesa. Muuzaji alichovya kijiti cha kioo kwenye chupa kubwa, akampaka Hajja mgongoni mwa mkono, Hajja akafumba macho, akasema, "Tola moja." Nikaona kichupa chenyewe: hakizidi kidole changu cha mwisho.

"Hajja, tola ni nini?" nikamuuliza.

"Kipimo cha Wahindi," akasema, kama mtu anayetaja ukoo wake. "Kitu kizuri hakipimwi kwa kilo, binti yangu. Kilo ni ya viazi."

Tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka siku ile.

Kutoka hapo tukaenda kwenye duka la dhahabu ili mkufu wa Hajja usafishwe. Mkufu huo alipewa siku ya ndoa yake, Jeddah, na sasa ulikuwa unakwenda kwa bibi harusi. Ulikaa na karatasi yake ya zamani, imekunjwa hadi imechanika kwenye mikunjo, na juu yake sonara alikuwa ameandika: tola kumi. Mwenye duka akausafisha, akauweka kwenye mizani ya umeme. Ikaandika gramu mia moja na kumi na sita, nukta sita.

"Tola kumi ni gramu ngapi?" madam akauliza.

Mteja mmoja aliyekuwa ameegemea kaunta akajibu kabla ya mwenye duka. "Kila tola moja ni gramu kumi na mbili na nusu."

Madam akatoa simu, akapiga hesabu. Mia moja na ishirini na tano. Akapiga tena. Kisha akatazama mkufu, akatazama karatasi. "Zimepungua gramu nane."

Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wa Hajja. Hakuna aliyenitazama, na hapo ndipo nilipojua. Mkufu ulikaa chumbani kwa Hajja. Chumba cha Hajja nasafisha mimi, na ufunguo wa kabati nautunza mimi.

Madam akatoka nje kumpigia bosi, mumewe. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini nilisikia jina langu mara mbili na neno shurta mara moja. Shurta ni polisi. Aliporudi hakupaza sauti. Madam si mtu wa kupaza sauti, na siku ile afadhali angepaza.

"Mtu akitaka kuiba dhahabu kidogo kidogo," akasema, "anakata pete moja moja za mkufu. Nimeshawahi kusikia."

"Madam, wallahi..." Mimi Mkristo, nikajikuta naapa kwa wallahi.

"Mafi kalam, hakuna maneno sasa. Harusi haingoji. Tukirudi, bosi ataamua."

Nilipopanda gari Mutua aliniambia kwa sauti ya chini, "Kadzo, usilie hapa. Ukilia watasema ni hatia inakutoka." Nikameza.

Kutoka Riyadh hadi Taif

Ni mwendo wa kutwa nzima. Jangwa halina kitu cha kukusaidia kusahau: mchanga, nguzo za umeme, ngamia kidogo, tena mchanga. Madam na Hajja walikaa kiti cha kati, mimi nyuma na masanduku ya nguo za harusi. Nilikuwa nafikiria jinsi mtu anavyoweza kwenda harusini akiwa njiani kwenda jela.

Saa saba hivi vumbi likatukuta. Lilikuja kama ukuta wa rangi ya chai ya maziwa, na Mutua akawahi kuingia kituo cha mafuta kabla halijatumeza. Tulikaa pale saa mbili. Wanawake tukaingia chumba cha familia, kapeti chini, na sinia moja la wali wa kuku likaletwa katikati yetu watatu. Sasa fikirieni: yule aliyekuita mwizi asubuhi, mnakula naye sinia moja mchana. Mkono wangu uliogopa hata kusogelea nyama. Hajja ndiye aliyenimegea paja akaliweka upande wangu.

"Kula. Mkufu wangu haujapungua."

"Mama," madam akasema, "mizani ya umeme haidanganyi."

"Na mimi sidanganyi. Sonara alinipimia mbele ya macho yangu. Alipima kwa mbegu."

"Mbegu gani, mama?"

"Nyekundu. Ndogo. Zina jicho jeusi."

Madam akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Batha, kwa yale macho ya watu wawili wanaomtunza mzee anayeanza kusahau. Lakini mimi nilikuwa nimeacha kutafuna.

"Hajja, hizo mbegu zinang'aa? Nyekundu sana, na doa jeusi upande mmoja?"

"Kama macho ya ndege."

"Kwetu zipo!" nikasema. "Zinaitwa turituri. Zinapanda kwenye ua wa nyumba yetu. Baba anazitia kwenye kayamba ndiyo ilie."

Hajja akampiga madam gotini kwa furaha. "Umesikia? Umesikia? Twende Ruwais. Nyumba ya sonara iko Ruwais, pale pale Jeddah."

Madam akasema sonara yule lazima alishakufa zamani. Hajja akasema nyumba hazifi.

Vumbi lilipopungua tukaendelea, na mbele kidogo kukawa na kizuizi cha polisi. Askari akainama dirishani, akasema neno, na madam akafungua mkoba, akatoa ikama yangu, ile kadi ya ukaazi, akampa. Nikaona askari anatazama picha, ananitazama mimi. Nikasema moyoni, basi, hawakungoja kurudi, ananikabidhi hapa hapa jangwani. Nikaanza kufunga begi langu dogo. Askari akairudisha kadi, akasema, "Yalla," na gari likaondoka. Kumbe alikuwa anakagua ikama za wageni wote, hata ya Mutua ameiona. Madam aligeuka akaniona nimelikumbatia begi kifuani.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

Nikalirudisha begi miguuni. Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akageukia mbele. Nadhani alielewa. Lakini kuelewa siyo kuamini.

Kuteremka Hada

Tulilala Taif, kwenye nyumba ya kupanga, na asubuhi tukaanza kuteremka. Jamani, nilistaajabu mengi safari ile, na hili lilikuwa la kwanza. Barabara ya Hada inajikunja juu ya mlima kama kamba iliyotupwa ovyo, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu, hewa tu, na chini kabisa nchi ya tambarare imelala ndani ya ukungu. Nyani wamekaa kwenye kingo kama abiria waliochelewa gari. Mmoja mkubwa, mwenye manyoya ya kijivu mabegani, alitutazama usoni kama askari wa jana. Hajja akamtupia tende.

Tulipofika chini kukawa na kibao: njia hii kwa Waislamu, ile kwa wasio Waislamu. Mutua na mimi hatuwezi kupita Makka, kwa hiyo tukashika ile ya kuzunguka. Hajja alitaka sana kupita.

"Nyinyi wawili mnanizungusha," akasema. "Mngekuwa mmesilimu sasa hivi tungekuwa tunaswali."

"Tutaiona nyumba ya sonara mapema badala yake, Hajja," Mutua akamwambia, na hayo yakamtuliza. Au ndivyo tulivyodhani. Kumbe alikuwa ameshaweka nia.

Ruwais

Tulipoingia Jeddah, madam akamwelekeza Mutua Al-Nuzha, kwa dada yake. Hajja akasema, "Sishuki garini mpaka Ruwais." Madam akabembeleza, akaeleza joto, akaeleza wageni. Hajja akafunga macho kama amelala, ameishika ile karatasi ya mkufu. Kuna wakati mtoto anashinda na kuna wakati mama anashinda. Tukageuza gari.

Ruwais iko karibu na bahari, nyumba za zamani zimebanana na nyumba za kupanga, nguo za wafanyakazi zinaning'inia kila dirisha. Lile duka la sonara sasa linauza vifuniko vya simu. Mutua akashuka kuuliza. Sonara kwa Kiarabu ni saigh, na dereva ni saik, na kwa mdomo wa Machakos yote mawili yanatoka sawasawa. Akamuuliza kinyozi, "Yuko wapi saik?" Kinyozi akamtazama, akatazama gari, akatazama ufunguo mkononi mwake.

"Saik si ni wewe?"

"Hapana, saik wa zamani. Aliyekufa."

Kinyozi akamwonea huruma sana. Akamletea maji, akamkalisha kitini, akamwita Myemeni mwenye duka la jirani aje amsaidie huyu dereva ambaye jua limemwingia kichwani. Mpaka Hajja aliposhusha kioo na kupaza sauti ndipo Myemeni akaelewa, akacheka, akatuonyesha ngazi. "Mjukuu wake anakaa hapa juu. Mwalimu Safiya."

Mwalimu Safiya ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, anafundisha hesabu kwenye shule ya wasichana. Watu wake walitoka Surat, India, miaka mingi iliyopita, na wote walikuwa masonara isipokuwa yeye. Hajja alipotaja jina la babu yake na kumpa ile karatasi, aliishika kwa mikono miwili. "Huu ni mwandiko wa babu," akasema, na macho yakamlowa kabla hatujaeleza shida yetu.

Madam akaeleza. Alieleza vizuri, bila kunitaja kwa ubaya. Alisema tu kwamba kuna kasoro na kuna mtu anayeshukiwa. Mwalimu akatazama nyuso zetu, akaona mwenyewe ni nani.

Akaleta kisanduku cha mti. Ndani mlikuwa na mizani ndogo ya kushika kwa mkono, vitanga viwili vya shaba, mawe yake ya shaba ya tola moja, ya mbili na mawili ya tano, na kopo. Akalitikisa lile kopo. Lo! Nilisikia kayamba. Nilimsikia baba uani, Jumamosi, anajaribu kama sauti imekolea. Akafungua, na zikawa ndizo: turituri, nyekundu, na jicho jeusi, mbali namna ile na kwetu.

"Wahindi wanaiita ratti," Mwalimu akasema. "Usitie mdomoni, ni sumu."

"Hata mama alituambia hivyo hivyo," nikajibu.

Akatabasamu. "Mbegu nane ni masha moja. Masha kumi na mbili ni tola. Nane mara kumi na mbili?"

"Tisini na sita," nikasema upesi, kama niko darasa la nne.

"Basi hesabu wewe."

Mwalimu akaweka jiwe la tola moja kwenye kitanga cha kulia. Akainua mizani, kitanga kikashuka chini kabisa. Mimi nikaanza kuweka mbegu kushoto. Moja, mbili, tatu. Nilihesabu kwa Kiswahili kwa sauti, na Hajja naye akafuata kwa Kiarabu, nyuma yangu kidogo. Mpaka hamsini hakuna kilichotikisika. Sabini, bado. Mikono ilikuwa inanitoka jasho, mbegu zinateleza. Sikuwa napima mbegu mimi, nilikuwa napima miaka yangu ya jela. Themanini na tano, mkono wa mizani ukashtuka. Tisini, ukaanza kupanda polepole kama mtu anayeamka. Tisini na nne. Tisini na tano. Nikaweka ya tisini na sita, nikaondoa vidole, na vitanga vikakaa sawa hewani.

Nilikuwa naitazama mbegu inayookotwa na watoto wetu kando ya njia, inayotupwa, inayoliwa na mchwa kayamba ikipasuka, nayo imekaa pale inalingana na jiwe la sonara kama imeumbwa kwa kazi hiyo.

"Babu alizichagua moja moja," Mwalimu akasema. "Si kila mbegu inafaa. Alifundishwa na baba yake, naye na wake, na mwanzo wake haujulikani. Katika miji ya kale kabisa ya Bonde la Sindhu wamefukua mawe ya mizani ya pembe nne, yamechongwa laini, kila moja mara mbili ya lililotangulia. Moja, mbili, nne, nane. Majengo yamebomoka, maandishi yao hakuna anayeweza kuyasoma, lakini ukiyaweka mawe yale kwenye mizani leo, bado yanasema kweli."

Nilisisimka mwili mzima. Watu waliokufa hata majina yao hayajulikani, na bado wanasema kweli.

Kisha akatoa mbegu, akauweka mkufu kitanga kimoja na mawe mawili ya tola tano kitanga cha pili. Vikakaa sawa. Mwisho akaleta mizani ndogo ya umeme anayotumia shuleni, akaweka jiwe la tola moja peke yake. Gramu kumi na moja, nukta sita sita.

"Siku hizi kuna wanaoifanya tola iwe gramu kumi na mbili na nusu," akasema. "Wengine kumi kamili. Kurahisisha hesabu tu. Lakini babu yangu hakurahisisha."

Madam akatoa kwenye mkoba karatasi aliyoandikiwa uzito kule duka la Batha. Akazidisha kwenye simu, kumi na moja nukta sita sita mara kumi, ikaja ile ile mia moja na kumi na sita, nukta sita. Akaweka simu chini, kioo kikiangalia meza. Hajja hakusema "niliwaambia." Alichukua mkufu wake, akauvaa juu ya baibui, akaagiza chai.

Wakati tunakunywa chai Mwalimu alinionyesha mengine. Vidole ishirini na vinne vikilazwa ubavu kwa ubavu, akasema, ni mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ndivyo Wahindi wa kale walivyopima nguo na nyumba na madhabahu. Nikajaribu kwenye mkono wangu mwenyewe, vidole vinne, vinne, mara sita. Ikafika. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na sikuwahi kujua kwamba nilizaliwa na kipimo mwilini.

Al-Nuzha

Ndani ya gari madam alimpigia bosi. "Halas, yamekwisha. Mkufu kamili." Akairudisha simu mkobani. Hakuniambia pole. Tulipokaribia kwa dada yake nikajikaza, nikasema kwa kile Kiarabu changu cha jikoni:

"Madam, ulimwambia dada yako kwenye simu kwamba nimeiba?"

"Nilimwambia."

"Na wenzake pale nyumbani wamesikia?"

Akageukia dirisha, maana yake ndiyo. Jikoni kwenye nyumba ile walikuwa wasichana watatu wa kazi, mmoja wa kwetu Kenya, na nilipoingia, yule wa kwetu alisogeza pochi yake kutoka mezani. Aliisogeza kwa heshima, polepole, lakini niliona. Mabibi wa nyumba walikuwa sebuleni wanapanga zawadi.

Nilifunga aproni, nikaanza kuosha glasi. Sikuwa na la kufanya zaidi.

Ndipo madam akaja mlangoni, na nyuma yake dada yake, na shangazi wawili. Alisema kwa sauti ya kutosha, akinitazama mimi, siyo wao.

"Kadzo hakuchukua kitu. Hesabu tulikosea sisi. Nilikosea mimi."

Glasi ikaniteleza ndani ya maji. Haikuvunjika. Yule msichana wa kwetu akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo akalia, yeye, siyo mimi; aliniambia baadaye kwamba ana miaka sita pale na hajawahi kusikia madam yeyote akisema maneno hayo. Hajja, kutoka sebuleni, akauliza kwa nini watu wamesimama mlangoni badala ya kula.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilicheza na wanawake ukumbini mpaka miguu ikauma. Bibi harusi alivaa mkufu, na kila ulipomulikwa na taa mimi niliona mbegu.

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki tano, nikazimaliza. Siku ya kuondoka madam mwenyewe alikuja na Mutua kunisindikiza uwanja wa ndege, jambo ambalo halikuwa desturi. Pale penye mstari wa ukaguzi akanishika mkono, akauliza, "Utarudi, Kadzo?"

Katika nyumba ile kila unapoulizwa au kuagizwa jibu ni moja, hadhir, yaani tayari, naam, nimesikia. Nililisema asubuhi, nililisema nikiwa mgonjwa, nililisema hata usingizini, Hajja aliniambia.

"Sijui, madam," nikamjibu. "Nitafikiria."

Akainamisha kichwa, akaniachia mkono, nami nikapita.